Je, Wajua? Msikiti wa Kilwa Umepimwa kwa Nuru

Je, wajua kwamba Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ule alioupanua Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyempokea msafiri mashuhuri Ibn Battuta mnamo mwaka 1331, umekwisha kupimwa kwa miale ya leza? Wataalamu wa mradi wa Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walisimamisha chombo mbele ya kuta zile za matumbawe na chokaa, nacho kikatoa miale ambayo, ikigonga jiwe na kurejea, hujulisha umbali wake. Na nukta zilizopatikana kwa jinsi hiyo, mamilioni kwa mamilioni, zikaunganishwa katika kompyuta hata ikadhihiri sura ya jengo lote, pamoja na nyufa zake.

Kazi hii, kwa rai yangu, ina thamani isiyo kifani, kwani magofu ya Kilwa, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalikaa katika orodha ya turathi zilizo hatarini tangu 2004 hadi 2014. Na sasa fundi atakaye kuukarabati ukuta aweza kuulinganisha na vipimo vya awali, akatambua palipomomoka.