UPINDE WA MTAMBO NA MWINDAJI ALIYEUMIA

Jinsi Ruhusa Zinavyotolewa Nchini Marekani

Mtu aliyewahi kuvuta upinde wa kuwindia anajua ya kuwa kazi si kuuvuta tu, bali ni kuuvuta na kungoja. Mnyama huja polepole, husimama nyuma ya mti, hunusa upepo. Na wakati huo wote mwindaji ameukaza upote hadi shavuni, mkono mmoja umenyoka mbele na bega la pili limebeba uzito. Akitikisika, mshale huenda upande. Akiulegeza upote apumzike, mnyama huuona mkono ukienda, akakimbia. Sasa na tufikiri hali ya mtu aliyevunjika bega, au aliyekatwa mkono, au ambaye kiharusi kimemdhoofisha upande mmoja. Maarifa yake ya porini ni yale yale, na macho yake ni yale yale, walakini upinde haumtii tena.

Nchini Marekani jambo hili limeingia katika sheria, tena limeleta mabishano kwa miaka mingi. Huko wanyama wa porini husimamiwa na kila jimbo kwa kanuni zake, na mwaka wa kuwinda hugawanywa katika misimu. Kuna msimu wa bunduki, na kuna msimu wa upinde. Huu wa pili kwa desturi ni mrefu zaidi, maana wenye kutumia upinde ni vigumu kwao kuua wanyama wengi. Mfano ulio wazi ni jimbo la Wisconsin. Msimu mkuu wa bunduki kwa kulungu huko huwa ni siku 9 tu katika mwezi wa Novemba, hali msimu wa upinde huanza katikati ya Septemba na kuendelea hadi Mwaka Mpya umekwisha kuingia. Kwa hiyo mtu aliyeumia bega haambiwi ya kuwa hawezi kuwinda kabisa. Anaweza kushika bunduki kwa siku hizo chache. Lakini miezi mitatu na zaidi, ambayo ndugu na jirani zake wako msituni, yeye hukaa nyumbani.

Dawa iliyopatikana ni upinde wa mtambo. Chombo hiki si kipya. Wachina walikuwa nacho zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na huko Ulaya kilitisha hata baraza la maaskofu lililokutana Lateran, mjini Roma, mwaka 1139, likakataza kisitumiwe juu ya Wakristo. Ni upinde mfupi uliolazwa kwa upana juu ya mti wenye tako kama la bunduki. Upote huvutwa nyuma mara moja, ukanaswa na ndoana ya chuma, na mshale mfupi huwekwa katika mfereji ulio mbele yake. Tangu hapo mwindaji hana haja ya kuvuta kitu. Hulenga, na akitaka hubonyeza kifyatulio kwa kidole kimoja.

Huenda msomaji akauliza: Kama mtu hawezi kuvuta upinde wa kawaida, atauvutaje huu, ambao mara nyingi una nguvu ya ratili 150 hadi 200, zaidi ya maradufu ya upinde wa mkono? Jibu ni kwamba huvutwa kwa vifaa. Iko kamba yenye vishikio viwili na kapi ndogo, ambayo hupunguza uzito karibu nusu. Uko pia mtambo wa kuzungusha kwa mpini, kama ule wa kuteka maji kisimani, ambao hata mtu dhaifu aweza kuuzungusha kwa mkono mmoja. Katika majimbo kadha wa kadha msaidizi aruhusiwa kumvutia. Tena kwa mtu asiyeweza kutumia mikono kabisa kuna kifaa chenye mpira mwembamba uwekwao mdomoni. Akivuta pumzi au kupuliza, mshale huondoka.

Kwa nini basi ruhusa hii isitolewe kwa kila atakaye? Hapo ndipo penye ugomvi. Vyama vya wapiga upinde vilisema ya kuwa msimu wao ulipatikana kwa sababu upinde ni mgumu, na ya kuwa chombo chenye tako na kifyatulio ni ndugu wa bunduki. Kikiruhusiwa kwa wote, wanyama watapungua, na serikali za majimbo zitaufupisha msimu. Hoja hii ina uzito wake. Walakini mshale wa mtambo bado ni mshale. Mwindaji mwangalifu haupigi mbali zaidi ya yadi 30 au 40, kama vile mwenye upinde wa mkono. Isitoshe, wengi wa wanaolalamika hutumia pinde zenye kapi katika ncha zake, aina iliyobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, akapewa hati yake mwaka 1969. Upinde huo ukishavutwa hadi mwisho, sehemu kubwa ya uzito huondoka mkononi. Si haki sana kwa mtu aliyesaidiwa na kapi kumwambia mwenye bega bovu ya kuwa mtambo ni hila.

Liko na jambo la mnyama mwenyewe. Wawindaji mashuhuri wa Kiwata, katika nyika ya Tsavo, walitumia mishale yenye sumu, na sumu ndiyo iliyomaliza kazi. Katika Marekani sumu kwa kawaida hairuhusiwi. Mshale huua kwa makali ya chembe yake, kwa kukata mishipa ya damu. Mshale uliotupwa kwa mkono usio na nguvu hauingii ndani vya kutosha, na kulungu huenda na jeraha akafia mbali. Kwa sababu hiyo majimbo mengi huweka kiasi cha chini cha nguvu za upinde, na mtu asiyeweza kukifikia hana budi kutafuta njia nyingine.

Ruhusa yenyewe huombwa kwa fomu ya idara ya wanyama ya jimbo. Mwombaji hujaza sehemu yake, na daktari hujaza ya kwake, akieleza kilema ni kipi, na kama ni cha kudumu au cha kitambo. Mtu aliyepoteza kiungo, au atumiaye kiti cha magurudumu, kwa kawaida hapati taabu. Taabu huwapata wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho, kama bega lililochakaa au mishipa ya shingo iliyobanwa. Hao hupimwa nguvu na mwendo wa mkono, na wengine huona haya kwenda kuthibitisha udhaifu mbele ya karani ili wapewe kitu ambacho jirani hukipata bila kuulizwa. Upande wa pili, wako walioomba cheti kwa maumivu ya uongo, na hao ndio waliofanya masharti yawe makali kwa wenzao.

Kwa miaka ya karibuni majimbo mengi yamelegeza mambo. Pennsylvania ilifungua msimu wa upinde kwa mitambo mwaka 2009. Wisconsin, ambayo hapo zamani iliwaruhusu walemavu na wazee wa miaka 65 tu, iliweka msimu wa mtambo kwa wote mwaka 2014. Minnesota ilifuata mwaka 2023. Mahali kama hapo cheti cha daktari hakina kazi tena kwa ajili ya mtambo, ingawa kwaweza kuwa na ruhusa nyingine, kama ya kupiga ukiwa ndani ya gari lililosimama. Huko Uingereza hakuna cha kuomba: sheria ya mwaka 1981 inakataza kuua mnyama wa porini kwa upinde wa namna yoyote. Kenya nayo ilifunga uwindaji mwaka 1977.

Mwenye ruhusa yampasa ajue mipaka yake. Kibali hakichukui mahali pa leseni ya kuwinda, hakiongezi idadi ya wanyama, wala hakimfungulii mtu shamba la mwingine. Cha kitambo kina tarehe ya mwisho. Bega likipona, mwindaji hurudi kwenye upinde wake wa mkono.

Chombo chenyewe nacho kina hatari. Kidole gumba kikiinuka juu ya mfereji wakati wa kufyatua, upote hukikata. Kufyatua pasipo mshale huvunja mikono ya upinde. Tena ni marufuku katika majimbo mengi kuingia garini na upote ukiwa umekazwa. Jua likitua bila ya kuonekana mnyama, mwindaji huchukua mshale mkuukuu, akaupiga katika udongo laini hatua chache mbele yake, ndipo akaufungasha upinde kwa safari ya nyumbani.