GOTI LILILOHARIBIKA HUTENGENEZWAJE?

Ukila mguu wa kuku, utaona kitu cheupe mwisho wa mfupa. Kinang'aa na kinateleza. Hilo ni gegedu. Hata sisi tunalo. Katika goti, gegedu hufunika ncha za mifupa ili isisagane tunapotembea, tunapolima au tunapochuchumaa.

Je, gegedu likivunjika au kung'oka, litapona? Mara nyingi halirudi kama lilivyokuwa. Kwa nini? Kwa sababu gegedu halina mishipa ya damu. Kidonda cha ngozi hupona kwa kuwa damu huleta chakula cha mwili mahali hapo. Gegedu halipati msaada huo. Lakini mfupa una damu, nao ukivunjika huunga.

Madaktari walilifikiria jambo hilo. Mwaka 1908, daktari Erich Lexer wa Ujerumani aliandika habari za kupandikiza viungo vya goti kutoka kwa watu wengine. Mwaka 1972, Daktari Allan Gross alianza kazi hiyo mjini Toronto, Kanada.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mtu anapofariki, na ikiwa yeye au jamaa zake wameridhia, madaktari huchukua sehemu ya goti lake. Hupimwa isiwe na ugonjwa. Hutunzwa kwenye baridi, lakini haigandishwi, maana ikiganda chembe hai za gegedu hufa. Kwa hiyo haikai muda mrefu. Kwa kawaida hutumika kabla mwezi haujaisha.

Mgonjwa hupigwa picha ya eksirei ili kutafuta goti la ukubwa unaolingana na lake. Kisha hupewa nusu kaputi. Daktari hukata sehemu iliyoharibika na kutia kipande kipya, kama fundi anavyoziba tundu kwa kiraka. Kipande hicho kina gegedu juu na mfupa mwembamba chini. Mfupa ndio unaounga na mfupa wa mgonjwa, nao hulishika gegedu. Tena, mgonjwa hahitaji kumeza dawa kila siku kama aliyepandikizwa figo.

Baada ya hapo hutembea kwa magongo wiki kadhaa, na hufanya mazoezi miezi mingi.

Lakini tusidanganyike. Si kila goti hutibiwa hivyo. Matibabu haya huwafaa zaidi vijana walioumia sehemu moja. Goti la mzee lililolika lote hutaka matibabu mengine. Na vipande vingine huharibika baada ya miaka, mgonjwa akapasuliwa tena. Wala hakuna dawa ya kupaka inayootesha gegedu jipya. Anayekuuzia dawa hiyo anataka fedha zako tu.

Basi, tutunze magoti yetu. Goti likivimba baada ya kuanguka, likikwama, au likishindwa kubeba mwili, usikae nalo nyumbani. Nenda zahanati mapema. Gegedu ulilozaliwa nalo ndilo bora kuliko yote.