Tairi Moja, Barabara Mbili

Gari la Kigoma hufanya kazi mbili kwa siku moja. Asubuhi linapakia magunia ya dagaa kwenye mwalo wa Katonga na kupanda taratibu kwenye njia ya udongo na changarawe. Baadaye linaingia lami ya mjini na Ujiji, na likipata mzigo wa mbali linashika barabara ya Kasulu kwa kilomita 80 kwa saa au zaidi, likiwa na matairi yaleyale manne. Wengi huchagua matairi hayo kwa bei au kwa macho: yenye vibonge vikubwa vya mpira, ambavyo mafundi huviita kashata, ndiyo huonekana ya kiume na ya kuaminika. Fizikia ya mpira inatufundisha kipimo kingine. Kila sifa ya tairi hulipiwa kwa kupunguza sifa nyingine, kwa hiyo mwenye gari la barabara mbili anapaswa kuanza na mahali ambapo kosa linaua. Mahali hapo ni lami iliyolowa maji. Kwenye tope, mara nyingi kosa humchelewesha mtu tu.

Sheria hiyo ya kulipia inaonekana wazi zaidi kwenye mashindano ya magari ya kukimbia mstari ulionyooka wa mita 402, mchezo ulioenea kutoka Marekani hadi nchi za Ghuba. Mpira hushika barabara kwa njia mbili. Kwanza, molekuli za uso wake hunatana na zile za lami. Pili, mpira hubonyea na kuingia kati ya vijiwe vidogo vya lami, kisha unapojirudisha hupoteza nishati kama joto, na upotevu huo ndio unaoleta ukinzani. Mpira laini uliopashwa joto hufanya kazi zote mbili vizuri zaidi. Ndiyo maana dereva wa mashindano hayo huzungusha magurudumu hadi yatoe moshi kabla ya kuondoka, na tairi lake ni laini, lina upepo mdogo na halina mifereji hata kidogo. Kwa sekunde chache hakuna tairi linalolishinda. Likitoka hapo huisha upesi, na mvua ikinyesha halina pa kupitishia maji. Wanaotumia gari moja kwa mashindano na kwa barabara za kawaida hufunga tairi la katikati, lenye mpira laini na mifereji michache, na hulipia mara mbili: linachakaa mapema, na wakati wa mvua linahitaji tahadhari kubwa.

Kigoma haina njia ya mashindano ya aina hiyo, lakini ina mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na hapo hesabu inakuwa nzito. Chukua tairi lenye upana wa milimita 185, lami yenye maji ya kina cha milimita 3, na mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Tairi hilo linakutana na takriban lita 12 za maji kila sekunde, yaani zaidi ya ndoo ya lita 20 kila sekunde mbili, na maji hayo lazima yapite kwenye mifereji au yasukumwe pembeni. Yakikosa njia, yanajikusanya mbele ya tairi na kulinyanyua. Gari linaelea, na usukani na breki havifanyi kazi tena. Watafiti wa NASA waliochunguza magurudumu ya ndege walipata kanuni inayohusisha mwendo huo wa kuelea na upepo ulio ndani ya tairi. Kwa tairi ambalo mifereji yake imezidiwa na maji, upepo wa PSI 32 unatoa mwendo wa karibu kilomita 94 kwa saa, na PSI 20 unatoa karibu kilomita 74. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha takriban milimita 8. Nchi nyingi zimeweka kiwango cha chini kabisa kuwa milimita 1.6, lakini uwezo wa breki kwenye maji huanza kushuka kwa kasi kabla ya hapo, kina kinapopungua chini ya milimita 3.

Mkazi wa Katonga anaweza kupinga kwamba shida yake ya kila siku ni utelezi wa njia ya udongo, na kwamba tairi lenye kashata kubwa linachimba tope na kumtoa. Ni kweli linachimba. Lakini nishati ya gari linalotembea huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 80 kwa saa lina nishati mara 16 ya lile la kilomita 20. Anayeteleza kwenye tope kwa mwendo wa pole kwa kawaida hukwama, akasukumwa, akachelewa. Anayeteleza kwenye lami kwa mwendo mkubwa anakwenda na nishati yote hiyo kwa mtembea kwa miguu au lori linalokuja. Na kashata kubwa zilizoachana zina gharama yake hapo hapo kwenye lami, kwa sababu sehemu ya mpira inayogusa barabara inapungua, vibonge vinacheza breki inapokanyagwa, na tairi linapiga kelele na kuongeza matumizi ya mafuta. Tairi hilo linamfaa anayefanya kazi vijijini mbali na lami karibu siku zote, na huyo achague hivyo bila kusita.

Pingamizi jingine linatoka kwenye rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake yanapita mawe, vumbi na tope kwa kasi ya ajabu; kwa nini tusiige matairi yao? Kwa sababu timu ya rali huchagua tairi kwa ajili ya kipande cha njia kinachojulikana, na hulibadilisha baada ya kazi fupi. Mwenye Noah au Probox anataka tairi lililo salama kwa miaka, bila fundi anayemfuata nyuma. Somo la kweli la rali ni kuta imara za tairi. Kwa njia zetu za mashimo na mawe, tairi lenye kuta ndefu kama 185/65 linavumilia kishindo kuliko tairi lenye kuta fupi lililofungwa kwenye ringi kubwa ya urembo.

Pingamizi zito zaidi ni bei, na linastahili heshima, maana wengi hununua matairi ya mtumba kwa kukosa njia nyingine. Hata hivyo kina cha mifereji peke yake hakisemi ukweli wote. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa hata ukiwa dukani. Tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwa tairi zinaeleza umri: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6. Mnunuzi aangalie pia neno STUDLESS au alama ya chembe ya theluji, hasa kwenye gari lililotoka Japani. Mara nyingi hayo ni matairi ya majira ya baridi, ambayo mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye joto la Kigoma unakuwa laini kupita kiasi, umbali wa kusimama kwa breki unarefuka na tairi linaisha haraka, ingawa kashata zake nyingi zinavutia macho sokoni.

Kwa gari dogo la Katonga na Ujiji, basi, tairi linalofaa ni la barabara ya kawaida, la saizi iliyoandikwa mlangoni mwa gari, lenye mifereji mipana inayozunguka tairi lote. Kwa pikapu inayogawana siku kati ya lami na changarawe, tairi la mchanganyiko, lenye kashata za wastani, linatosha. Mzigo nao una namba yake: 88 ubavuni maana yake kilo 560 kwa kila tairi, na magunia hayapunguzi uzito kwa sababu safari ni fupi. Ukipunguza upepo ili utoke kwenye mchanga wa ufukweni, urudishe kabla hujaingia lami, kwa sababu tairi legevu lenye mzigo hupata joto hadi kupasuka, na kwenye maji huelea mapema. Ukiweza kununua mawili tu, mapya yafungwe nyuma, maana nyuma ikiteleza gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Pima upepo tairi likiwa baridi, soma namba za DOT kabla ya kulipa, na mvua za kwanza za Oktoba zisikukute na matairi vipara.