Ukatishaji wa Maneno ya Kiswahili katika Upangaji Chapa wa Maandishi ya Kisayansi

Mwaka 1977, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliona kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, The Art of Computer Programming. Toleo la awali lilipangwa kwa herufi za risasi. Hili lilipangwa kwa mtambo wa kupiga picha za herufi, na sura yake haikumridhisha hata kidogo. Hapo ndipo alipoanza kubuni programu ya TeX. Mapema katika miaka ya 1980, Leslie Lamport aliunda LaTeX juu ya msingi huo, ili mwandishi ataje tu sura, jedwali au mlinganyo, na programu ivipange. Zote mbili hutolewa bure, na hutumiwa sana na wanahisabati na wanafizikia.

Hata hivyo, uzuri wa ukurasa hautokani na fomula peke yake. TeX huipima aya nzima kabla ya kuamua mistari ikatike wapi, ili nafasi baina ya maneno zilingane. Kiswahili kina maneno marefu: "hayatazidishwa" ni neno moja ambalo kwa Kiingereza huhitaji maneno matano. Neno kama hilo lisipokatika, mstari huachwa na mapengo au huvuka ukingo.

Njia ya kukatisha maneno ilielezwa na Frank Liang katika tasnifu yake ya mwaka 1983. Programu hupewa ruwaza, yaani vipande vya maneno vyenye tarakimu baina ya herufi. Tarakimu witiri huruhusu mkato, tarakimu shufwa huuzuia, na iliyo kubwa ndiyo ishindayo. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, ruwaza tano, a1, e1, i1, o1 na u1, hutosha kukata "mwa-li-mu" na "ka-mba" ipasavyo.

Tatizo huzuka katika maneno ya mkopo, ambayo ndiyo yaliyojaa katika sayansi. Kanuni hiyo ingetoa "da-ktari" na "ma-ktaba", ilhali silabi ni "dak-ta-ri" na "mak-ta-ba". Hapana budi kuongeza a2kt, inayozuia mkato wa kwanza, na k1t, inayoruhusu wa pili.

Gumu zaidi ni m. "Kamba" ina silabi mbili, bali "akambeba" ina tano: a-ka-m-be-ba, kwa kuwa m humo ni kiambishi cha mtendwa. Mkato "akam-beba" ni sahihi. "Kam-ba" ni kosa. Mashine huona herufi zile zile, wala haioni mofimu.

Aidha, mpangilio wa mwanzo wa TeX hauhesabu ritifaa kuwa herufi, hivyo sehemu inayofuata ng' katika "amenyang'anywa" haikatwi. Mpangilio huo pia hudai herufi tatu baada ya mkato wa mwisho, kama ifaavyo Kiingereza, na hivyo huzuia "kita-bu".

Kasoro hizi hazitaondolewa na fundi wa kompyuta peke yake. Anayejua mipaka ya silabi na mofimu ni mwanaisimu, na ruwaza hizo ni sarufi iliyoandikwa kwa ajili ya mashine. Asipoziandika yeye, Kiswahili cha sayansi kitaendelea kukatwa kwa kanuni za lugha nyingine.