Makumbusho ya Vita Ufipa Yaanze na Daftari

Ukitaja makumbusho mapya kwenye kikao cha mkoa, haichukui muda mazungumzo yanahamia kwenye jengo. Kiwanja kiko wapi, ramani achore nani, jiwe la msingi aweke nani. Kwetu sisi tunaohifadhi mikusanyo, hayo ni maswali ya mwaka wa tatu. Mkoa wa Rukwa una kila sababu ya kuwa na makumbusho ya historia ya vita, tena sababu nzito kuliko mikoa mingi. Ila fedha ya kwanza itakayochangwa isiende kwa mkandarasi. Inunue daftari, kamera na mafuta ya pikipiki ya mtu atakayezunguka vijijini kuandika kilichopo, na kipo kwa nani.

Sababu zenyewe ni hizi. Novemba 1835 Zwangendaba, aliyekuwa amekimbia vita vya kusini mwa Afrika, alivuka mto Zambezi na watu wake. Wakapanda kaskazini kwa miaka, wakipigana na kuwameza watu wa kila nchi waliyopita, hadi miaka ya 1840 walipofika uwanda wa Ufipa, katika mkoa huu. Jeshi lao lilipangwa kwa marika, lenye mkuki mfupi wa kuchomea na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Mwishoni mwa muongo huo Zwangendaba alifia huku, mahali panapotajwa kuwa Mapupo, na ugomvi wa urithi ukalivunja jeshi vipande vipande. Kipande kimoja kilikwenda kaskazini kuelekea Unyamwezi, kingine kikaishia Songea, vingine vikageuka kusini na kuzaa dola ya Mpezeni, katika Zambia ya leo, na ya M'mbelwa, katika Malawi. Wangoni wa nchi tatu wametawanyika walivyotawanyika kwa sababu ya msiba uliotokea kwenye uwanda huu.

Miaka kama sabini baadaye vita vilirudi na bunduki za rashasha. Wajerumani walikuwa na boma Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali walipopaita Bismarckburg. Mwaka 1916 safu ya Luteni Kanali Murray, sehemu ya jeshi la Jenerali Northey, ilivuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ikaizingira Namema, kisha ikashuka Kasanga. Ziwani kulikuwa na Waingereza wengine, kikosi cha majini cha Spicer-Simson, ambacho miezi michache nyuma kilikuwa kimeiteka meli ya Kingani, tarehe 26 Desemba 1915, na kuizamisha Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916. Safari hii kazi yake ilikuwa kuwazuia Wajerumani wasitoke kwa maji. Spicer-Simson alilitazama boma, akahofia mizinga aliyoiona, akaondoka. Wajerumani wakapanda vyombo usiku na kutoroka, na tarehe 8 Juni Murray akaingia kwenye boma tupu. Waandishi wa Kiingereza wanasimulia kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Kisha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya, Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100 na kundi kubwa la wapagazi. Mateka hao walipitishwa Kasanga, wakapakiwa melini hadi Kigoma. Kwa hiyo sura ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ilipita kwenye gati la wilaya ya Kalambo.

Historia hii inaweza kusimuliwa kwa namna mbili, na hapa nina msimamo. Namna ya kwanza ni ya majenerali, na tayari imejaza vitabu London na Berlin. Namna ya pili ni ya mtu aliyekuwa shambani vita vilipomkuta. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaeleza Wafipa kuwa ni wakulima wasiokwenda vitani ila kujilinda. Nchi ya namna hiyo ndiyo inayoweza kuonesha jambo ambalo makumbusho mengi ya vita hayaoneshi: jeshi linalopita linakula nini, linabebewa na nani, na linaacha nini nyuma. Mafundi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo yaliyozidi urefu wa mtu, na chuma kilekile kikatoa jembe na mkuki. Ningeviweka viwili hivyo kwenye kabati moja mlangoni, mgeni avione kabla hajaona bunduki yoyote.

Turudi kwenye daftari. Chukua mkuki mmoja. Mzee wa kijiji kimoja cha Nkasi anautoa darini ukiwa umeviringishwa kwenye gunia. Mpini ni mpya, chuma ni cha zamani. Mtu wetu hauchukui. Anaupiga picha pande zote mbili ukiwa kando ya rula, anapima, anatazama kama chuma kina alama za nyundo ya mhunzi au ni bamba la kiwandani. Halafu anauliza. Mzee, huu ulitoka kwa nani? Naye aliupata wapi? Mara ya mwisho ulitumika kwa kazi gani? Anaandika majibu kama yalivyosemwa, hata yanapopingana, na chini yake anaandika tarehe, kijiji na jina la aliyeandika. Anaupa mkuki namba. Anamwachia mwenye mali nakala ya karatasi, na mkuki unarudi darini. Siku familia itakapoamua kuutoa au kuukopesha, itasainiwa hati ya makabidhiano inayosema wazi ni zawadi au ni mkopo, wa miaka mingapi, na nani katika ukoo ana mamlaka ya kuudai. Mkuki huohuo ukinunuliwa kwa dalali, majibu yote hayo yamepotea, na hakuna maabara itakayoyarudisha.

Vitu mia tatu vilivyoandikwa hivyo ni makumbusho tayari, hata kama havina paa. Mfadhili makini akiuliza mnacho nini, mnamfungulia daftari. Asiye nalo humwonesha mchoro wa jengo, na michoro ya majengo wafadhili wameiona mingi.

Upande wa sheria, watu wengi hudhani kitu cha kale kinalindwa kwa sababu tu ni cha kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mkuki wa zama za Zwangendaba umo. Majengo ya Kijerumani yamekuja baadaye, hivyo ulinzi wake hutegemea tangazo la Waziri. Kwa mabaki ya boma la Kasanga, kazi ya kwanza ni kuhakikisha tangazo lipo, mipaka ya eneo imepimwa, na wanakijiji wanaoishi jirani wameshirikishwa, maana ndio wanaoamua kila siku kama jiwe la ukuta litabaki ukutani au litakwenda kuwa msingi wa nyumba. Barua na vikao vya namna hiyo havihitaji harambee.

Silaha ni mlango mwingine. Bunduki, hata iliyoliwa na kutu, iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo polisi washirikishwe tangu siku ya kwanza, na kila bunduki ya maonesho iwe imeondolewa uwezo wa kufyatua kwa idhini yao. Kombora au guruneti likiokotwa shambani haliguswi wala halipakiwi kwenye gari la makumbusho. Wanaitwa polisi, nao wanawaita wataalamu wa jeshi.

Sasa jengo. Sisemi lisiwepo, nasema lisijengwe kwa haraka, na pengine lisijengwe kabisa. Iringa walichukua jengo la Kijerumani lililokuwa ofisi ya serikali, wakalikarabati kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa na fedha za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya boma. Jengo lenyewe likawa kioneshwa cha kwanza. Sumbawanga ina majengo ya serikali na ya misheni yenye kuta nene, na ukuta mnene ni rafiki wa mhifadhi kwa sababu haupitishi joto na baridi upesi. Uwanda huu uko juu, Sumbawanga ikiwa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi ni baridi na kikavu, halafu kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inaleta unyevu. Karatasi na mbao huumizwa na mabadiliko hayo kuliko zinavyoumizwa na baridi yenyewe. Chuma kinataka unyevu wa hewa usiozidi asilimia 45 hivi, na sare ya askari inataka mwanga hafifu wa luksi 50, la sivyo rangi inakwenda na hairudi. Chumba kimoja chenye madirisha yaliyozibwa vizuri na dari isiyo na mchwa kinatosha kuanzia.

Kuhusu fedha, hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, lakini kila kamati ingeifanya kabla ya kuchapisha kadi za mchango. Chukulia makumbusho yana mhifadhi mmoja, mwongoza wageni, walinzi wa zamu, umeme, usafi na matengenezo, na vyote pamoja vinakula shilingi milioni 3 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 36. Kiingilio kikiwa shilingi 1,000, mnahitaji wageni 36,000 kwa mwaka, karibu 100 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wanafunzi wa Rukwa watakuja, na waje kwa nusu bei au bure, lakini hawatabeba mzigo huo. Watalii wanaokwenda maporomoko ya Kalambo wanaweza kusogezwa Kasanga na Sumbawanga, ila tusiwaweke kwenye bajeti kabla hawajaonekana.

Kwa hiyo kampeni ya kuchangisha iwe na mifuko miwili tangu tangazo la kwanza: mmoja wa kuanzisha, mwingine wa kuendesha. Kila shilingi ya kwanza iendane na shilingi ya pili. Mfuko wa kuendesha usiguswe mtaji wake. Uwekwe kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Tukichukulia riba ya asilimia 12 kwa mwaka, shilingi milioni 300 zinatoa milioni 36 zile. Bei za vitu hupanda, hivyo sehemu ya riba lazima irudishwe kwenye mtaji, na lengo halisi liwe kubwa zaidi. Najua ni vigumu kumwomba mtu achangie riba ilhali angependa jina lake kwenye bati. Mwambieni ukweli huo uso kwa uso. Wanaouelewa ndio mtakaodumu nao.

Halmashauri zisaidie, lakini tusizidai kisichowezekana. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hakuna diwani anayepaswa kuombwa aiguse. Halmashauri inaweza kutoa chumba, ulinzi na mshahara wa afisa utamaduni anayejua kazi. Hivyo vitatu vina thamani kuliko hundi ya siku ya uzinduzi.

Wachangiaji wa nje wapo, na si Wazungu peke yao. Wazao wa jeshi lililovunjika Ufipa wana machifu wakuu hadi leo Chipata na Mzimba, wana sherehe zao za kila mwaka, wana wafanyabiashara na wasomi. Sijui kwa nini andiko la mradi lianzie ubalozini kabla halijafika kwao. Songea inaonesha nguvu ya kumbukumbu yenye wenyewe: Makumbusho ya Majimaji yanasimama pale walipozikwa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka siku hiyo watu wanakusanyika. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda hapo Novemba 2023 akaomba msamaha. Fedha za Ujerumani na Uingereza zipokewe, kwa sharti moja lililoandikwa kwenye mkataba: mfadhili hachagui maneno ya kwenye vibao. Uingereza, zaidi ya fedha, ina deni la majina. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ombi la Rukwa kwao liwe msaada wa kutafuta wapagazi wa Ufipa katika nyaraka zao.

Mbala kuna Makumbusho ya Moto Moto, yaliyoanzia kwenye mkusanyo wa padri mmisionari Jean-Jacques Corbeil na kuwa ya taifa la Zambia mwaka 1974. Hao ni walimu wa karibu kuliko Dar es Salaam, na makubaliano ya kukopeshana vioneshwa yanaweza kuandikwa kwa kurasa mbili.

Iko kazi moja isiyoweza kungoja hata hayo. Kijana wa miaka 20 aliyetoka Rukwa kwenda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, awe mwanajeshi au mgambo, leo amekaribia miaka 70. Wapo walio na barua, picha, buti, na wapo wasio na kitu ila wanayoyakumbuka. Wahojiwe sasa, kwa Kifipa kwanza kwa anayependa, na wake zao wahojiwe peke yao, kwa sababu waliobaki na shamba na watoto wana historia yao ya vita vilevile. Kinasa sauti, betri za akiba, fomu ya ridhaa na walimu wawili wa historia waliofundishwa kuhoji kwa subira vinatosha. Kazi hiyo inaweza kuanza msimu huu wa kiangazi, baada ya mavuno, wazee wanapokuwa na nafasi.