Masisi na Walikale: Dume wa Boran, njia ya kupata nyama bila kuongeza kundi

Anayeteremka kutoka Masisi hadi Walikale anabadilisha hali ya hewa bila kutoka Kivu ya Kaskazini. Vilima vya Mushaki na Kilolirwe vina baridi na majani mabichi. Walikale ni joto na msitu mkubwa, na sehemu nyingi ziko chini ya mita 1 000. Ng'ombe aliyenona juu anaweza kukonda akifika chini.

Masisi inajulikana kwa maziwa na fromaji. Pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, wafugaji wengi wana machotara wenye damu ya Frisonne au Brune Suisse. Damu hiyo ya Ulaya inapenda baridi. Joto likipita digrii 25 hivi, ng'ombe wa aina hiyo anaanza kupumua mbio, anatafuta kivuli na anapunguza kula. Asiyekula hanenepi, na jike anachelewa kushika mimba.

Kwa mfugaji anayetafuta nyama katika sehemu za joto, kuna ng'ombe wa Afrika yetu anayestahili kujulikana: Boran. Jina lake linatoka kwa Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Nchini Kenya wenye mashamba makubwa walimchagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyama, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wake. Leo yuko pia Uganda, Tanzania, Zambia na Afrika ya Kusini.

Mwili wake umeumbwa kwa jua. Manyoya ni mafupi na laini, ngozi ni nyeusi chini ya manyoya na imelegea shingoni, na anatoa jasho vizuri. Kwa hiyo anaendelea kula wakati mwingine amesimama kivulini. Anatembea mbali kutafuta maji na anavumilia majani makavu. Ndama wake huzaliwa mdogo, kilo 25 hadi 30, ndiyo maana jike huzaa bila taabu nyingi. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 600.

Si lazima mfugaji auze kundi lake lote ili aanze. Dume mmoja mzuri wa Boran akipanda majike wa Ankole, ndama wanaozaliwa hukua haraka kuliko mama zao na hubaki na uvumilivu wa pande zote mbili. Majike wa maziwa wabaki vilimani; wa nyama ndio wapelekwe kwenye joto.

Lakini kuvumilia joto si kuvumilia kila ugonjwa. Boran anayetoka sehemu isiyo na ndigana anaweza kufa upesi akiumwa na kupe wa kwetu. Achanjwe kabla ya safari, kisha aogeshwe dawa kila mara. Ndani ya msitu wa Walikale kuna pia hatari ya mbung'o, nzi anayeleta ugonjwa wa nagana. Huko Boran wa kawaida si jibu. Ng'ombe anayestahimili nagana ni N'Dama, mdogo wa mwili, aliyeletwa Bas-Congo kutoka Afrika ya Magharibi wakati wa Wabelgiji. Kabla ya kununua, muulize veterineri: ng'ombe huyu atalala wapi, na nzi gani wako pale?

Kuna pia jambo la ardhi. Masisi, mkulima na mfugaji wamegombana mara nyingi kwa sababu ya mashamba yaliyokanyagwa. Ng'ombe wawili wenye nyama wanaweza kumpa mwenyewe faida kuliko wanne wakonde, na wanakula malisho machache. Kundi dogo linalochungwa vizuri linaacha nafasi kwa maharagwe na viazi vya jirani.

Kinachobaki ni usalama. Vita vya mwaka 1993 na miaka iliyofuata vilimaliza makundi makubwa ya Masisi. Mwaka 2025 vita vya M23 vilifika hadi Walikale-centre. Hakuna anayelipa dume wa bei kubwa ili aibiwe usiku. Amani ikirudi, mfugaji ataanza upya na wachache. Ni vema wachache hao wawe wale wanaofaa mahali atakapowachunga.