MTOTO MCHANGA ANAPOPALIWA KILA ANAPONYONYA

Mwezi huu tuzungumzie kasoro ambayo mtoto huzaliwa nayo. Dalili zake huonekana katika kupumua, kumbe chanzo ni umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Kwa kawaida umio na njia ya hewa hupita jirani bila kuungana. Lakini kwa mtoto mmoja hivi kati ya 3,000 hadi 4,000, umio haukukamilika. Mara nyingi sehemu ya juu huishia kama mfuko uliozibwa, na sehemu ya chini huungana na njia ya hewa. Hivyo mate na maziwa hufurika na kuingia mapafuni badala ya kwenda tumboni.

DALILI: Mate mengi yenye povu, yanayorudi hata ukiyafuta, kukohoa na kupaliwa mara tu anaponyonya, midomo kuwa ya buluu. Wapo wasemao ni mafua au amerogwa. Sivyo.

Wengine umio wao ni mzima, ila una tundu dogo linaloingia njia ya hewa. Hawa hukohoa kila wanaponyonya na kuugua nimonia mara kwa mara. Hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

LA KUFANYA: Mtoto mwenye povu asipewe kitu chochote kinywani: si ziwa, si maji ya sukari, si dawa ya mchango. Mkunga atapitisha mpira mwembamba; ukikwama kwenye sentimita 10 hivi, apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Njiani afunikwe vizuri, kichwa kiinuliwe, mate yafutwe. Akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Maji yamiminwe juu ya kichwa, yasiingie kinywani, na safari isicheleweshwe.

Mwaka 1941 daktari Cameron Haight wa Michigan, Marekani, alifaulu kuunganisha umio wa mtoto wa namna hii. Tangu hapo wengi wamepona. Baada ya upasuaji mtoto anaweza kukohoa kwa sauti nzito kama ya mbwa abwekaye, na chakula kukwama. Alishwe polepole, chakula kilainishwe, wala asiache kliniki.

Ndugu wazazi, povu lile ni mtoto anaomba msaada. Tusimjibu kwa kijiko.